Kabla Hujafungua Boksi: Mwongozo wa Kufanya Kazi na Kampuni za Vifaa Bila Kumuuza Msomaji Wako

Desemba 2020, Steve Walton na Tim Schiesser, wachambuzi wa Australia wanaoendesha chaneli ya Hardware Unboxed, walipokea barua pepe kutoka ofisi ya mawasiliano ya Nvidia, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za kuchora picha za kompyuta. Iliwaarifu kwamba hawatapelekewa tena kadi za grafiki ambazo Nvidia huzitoa kwa jina lake yenyewe. Hawakuwa wamepotosha namba wala kuvunja tarehe ya kuchapisha. Shida ilikuwa kwamba walitumia muda mwingi kupima michezo ya kompyuta inayochorwa kwa njia ya kawaida, na muda mfupi kwenye teknolojia ya kukokotoa miale ya mwanga, ambayo Nvidia ilitaka ndiyo izungumzwe. Barua iliacha mlango wazi: mwelekeo wenu wa uhariri ukibadilika, tutalitazama upya jambo hili. Walton na Schiesser wakalianika jambo hilo hadharani, wachambuzi wenzao wakasimama nao, na baada ya siku chache Nvidia ikaomba radhi na kuufuta uamuzi.

Kisa hiki kinaonyesha mahali mchambuzi anapobanwa hasa. Tukitaja maadili, wengi tunawaza rushwa. Pesa ipo, na nitaifikia. Lakini kinachomfunga mchambuzi mara nyingi zaidi ni kifaa chenyewe, na siku kinapomfikia. Anayepata simu wiki moja kabla ya uzinduzi anapata watazamaji. Anayeipata wiki moja baadaye anakuta watu wameshamaliza kuizungumzia. Kampuni haihitaji kukuambia useme nini. Inatosha wewe mwenyewe uogope kwamba kifaa kijacho hakitakuja, nawe utaanza kulainisha maneno bila kuombwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla boksi halijafika. Ukishakuwa na simu mkononi na uzinduzi ni kesho, umechelewa kuzungumza masharti.

Hatua ya 1: Andika sera yako na uiweke hadharani

Ukurasa mmoja unatosha. Useme kwamba vifaa unavyochambua ama umenunua ama umekopeshwa, na kila kazi itataja ni kipi. Useme kwamba kampuni haioni kazi kabla haijatoka. Kwamba tangazo la kulipiwa halikai ndani ya uchambuzi. Kwamba ukikosea namba utasahihisha, na sahihisho litaonekana, si kufutwa kimyakimya.

Faida ya kuandika mapema ni hii. Ukimkatalia ofisa uhusiano jambo ambalo hujawahi kuliandika popote, ataona unamkatalia yeye. Ukimpa linki ya sera iliyokuwepo kabla hajalijua jina lako, anaelewa kwamba hakuna aliyemlenga. Tena unamsaidia: naye ana bosi anayemuuliza kwa nini mchambuzi hakutuma video ikaguliwe, na sasa ana karatasi ya kumwonyesha. Maofisa hawa wengi si watu wabaya. Ni waajiriwa wanaopimwa kwa idadi ya habari nzuri zilizotoka mwezi huu.

Sera hiyo iseme pia kampuni itapata nini kwako: kifaa kitarudi kwa tarehe, siri ya tarehe itatunzwa, kasoro haitatangazwa bila wao kuulizwa, na kifaa kitapimwa kwa kazi iliyokusudiwa. Heshima ya kazi hii ina pande mbili, na mchambuzi anayejiona hakimu asiye na wajibu kwa mtu yeyote hudumu muda mfupi.

Hatua ya 2: Jibu barua ya kwanza kwa maandishi, kwa adabu, bila kuacha mianya

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu ya furaha. Kampuni kubwa imekutafuta, unajibu "asante sana, tumeni", na mambo yote mengine yanabaki hewani. Jibu lako liwe na umbo kama hili:

"Ndugu Ofisa Uhusiano, asante kwa kunifikiria. Niko tayari kuichambua simu hii. Kabla hamjaituma naomba tukubaliane machache. Simu naipokea kwa mkopo na nitairudisha ndani ya wiki sita. Ikiwa inatoka nje ya nchi, usafiri na ushuru wa forodha viwe juu ya kampuni. Nitaheshimu tarehe na saa ya kuchapisha mliyoitaja, mradi ni ileile kwa wachambuzi wote. Sitatuma kazi isomwe kabla ya kutoka, ila nikikuta tatizo nitawaandikia na kuwapa nafasi ya kujibu. Naomba pia mniambie kama programu iliyomo ndani ndiyo itakayouzwa dukani, na bei rasmi itakuwa kiasi gani hapa nchini. Sera yangu kamili iko kwenye linki hii. Nikipata jibu lenu nitawatumia anwani ya kupokelea."

Suala la ushuru linaonekana dogo mpaka mzigo ukwame uwanja wa ndege. Jina la mpokeaji likiwa lako, wewe ndiye utakayepigiwa simu, na ukishalipa laki kadhaa kukomboa kifaa cha watu, tayari una sababu ya kutaka kifaa hicho kikurudishie pesa. Usijiweke hapo.

Kwetu, mazungumzo haya mara nyingi hayaji kwa barua pepe. Yanakuja kwa WhatsApp, au mtu anakupigia jioni: "Kaka, tuna mzigo mpya, tunataka tufanye kitu na wewe." Msikilize vizuri, mwongee kwa uungwana, kisha mkimaliza mwandikie: "Kama tulivyoongea leo, nimeelewa hivi na hivi. Nisahihishe kama nimekosea." Ujumbe huo ndio mkataba wako. Asipojibu, usipokee kifaa.

Kwa nini mkopo na si zawadi? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na kampuni zinalijua hilo vizuri. Simu ya shilingi milioni mbili inayobaki mfukoni mwako ni malipo, iitwe jina lolote. Kuna hoja ya haki kwamba mchambuzi anahitaji kubaki na vifaa vya kulinganishia, maana huwezi kusema kamera ya mwaka huu imezidi ya mwaka jana kama ya mwaka jana huna. Hilo nalikubali kwa sharti: kifaa kinachobaki kikae rafu ya kazi, kiandikwe kwenye daftari, kisiuzwe, kisipewe shemeji, na wasomaji wajue kipo. Daftari lenyewe ni rahisi: kifaa, namba yake ya utambulisho (IMEI au namba ya mfululizo), kilitoka kwa nani, kilifika lini, kilirudi lini, nani alisaini kukipokea.

Hatua ya 3: Soma mkataba wa usiri mpaka mstari wa mwisho

Kuna vitu viwili ambavyo huletwa pamoja kana kwamba ni kimoja. Embago ni makubaliano ya tarehe: nakupa kifaa leo, usichapishe kabla ya saa fulani siku fulani. Hiyo ni desturi ya kawaida, na ikitumika sawa kwa wote inamsaidia msomaji, kwa sababu inaondoa mbio za kuchapisha kwanza na kupima baadaye. Mkataba wa usiri ni kitu kizito zaidi. Unaweza kukufunga kuhusu habari yoyote, kwa miaka, hata ile utakayoipata kwa njia zako mwenyewe.

Juni 2018 shirika la habari za teknolojia la Ujerumani, Heise, lilichapisha mkataba wa usiri ambao Nvidia ilitaka waandishi wausaini. Ulikuwa wa miaka mitano, na ulisema habari zitakazotolewa zitumike kwa manufaa ya Nvidia tu. Heise walikataa kusaini, wakijua gharama yake ni kukosa habari za mapema. Msimamo huo ni rahisi zaidi kwa chombo kikubwa chenye wanasheria, nakubali, lakini swali walilojiuliza ni lilelile kwa kijana mwenye kamera moja Tabata, Dar, au Umoja, Nairobi: nikiisaini hii karatasi, siku nikigundua jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua, nitaruhusiwa kulisema?

Agosti 2024 likatokea la aina nyingine. Watu waliokuwa wakipewa simu za Google kupitia mpango wa Team Pixel walikuta fomu yenye kipengele kilichosema wanatarajiwa kuionyesha Pixel, simu ya Google, badala ya simu za washindani, na ikionekana chapa nyingine zinapendelewa, uhusiano ungesitishwa. Kipengele kilipoanikwa, Google ilikiri kwamba maneno yale hayakuwa sawa na ikayaondoa. Angalia jinsi mpango ule ulivyokuwa: ulikuwa wa watangazaji wa mitandaoni, lakini miongoni mwa waliopokea simu walikuwemo watu ambao watazamaji wao huwachukua kuwa wachambuzi. Mkanganyiko huo ndio hatari. Ukijiunga na mpango wowote wa "mabalozi" wa chapa, wewe si mchambuzi wa chapa hiyo tena. Chagua moja.

Kwenye mkataba wowote, tafuta vipengele hivi na uviombe vitoke: kampuni kuidhinisha kazi kabla, kutaja michezo au vipimo gani vitumike, kukatazwa kulinganisha na kifaa cha mshindani, kukatazwa kusema vibaya, na usiri usio na mwisho. Wakigoma kukitoa hata kimoja, rudisha karatasi bila saini. Hakuna haja ya ugomvi.

Hatua ya 4: Bahasha, safari na matangazo

Tuseme wazi. Kwenye hafla nyingi za uzinduzi huku kwetu, mwandishi akimaliza kula anaitwa pembeni anasaini karatasi na kupewa bahasha. Inaitwa nauli. Kila mtu anajua nauli ya daladala au matatu kutoka hotelini haifiki kiasi hicho.

Usiichukue. Namna ya kuikataa bila kumwaibisha mtu ni kusema: "Asante, gharama zangu zimeshalipwa. Naomba tu mnitumie picha na maelezo ya bidhaa." Halafu jambo ambalo watu husahau: usiisaini ile karatasi. Ukisaini na pesa ukaiacha, kuna mtu mwingine ataibeba, na kwenye vitabu vya kampuni wewe ndiye uliyepokea. Siku ukiandika kwamba betri ya simu ile ni mbovu, karatasi hiyo inaweza kutolewa.

Ukialikwa safari ya nje kwa gharama ya kampuni, njia safi ni kujilipia au kutokwenda. Najua tiketi ya Barcelona haikamatiki kirahisi. Ukienda kwa gharama yao, itaje safari hiyo mwanzoni kabisa mwa kazi, na usitoe hukumu ya kununua au kutonunua kwa kifaa ulichokishika dakika ishirini ukumbini chini ya taa walizozipanga wao. Sema ni mtazamo wa awali, kisha subiri upate kifaa nyumbani.

Matangazo ni halali. Mchambuzi anakula, analipa kodi ya nyumba na bando. Lakini tangazo liwe tangazo tangu sekunde ya kwanza, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake naona ipite angalau miezi mitatu kati ya kutangaza bidhaa za kampuni na kuchambua kifaa chake. Ukiwa na mwenzako, yeye apokee simu za matangazo nawe usijue bei iliyokubaliwa.

Na kamwe usisifie usichokitumia. Novemba 2022, Tume ya Biashara ya Marekani na majimbo kadhaa waliibana Google na kampuni ya redio ya iHeartMedia kwa sababu watangazaji wa redio walikuwa wamesoma matangazo ya Pixel 4 wakisimulia walivyoitumia kupiga picha, ilhali simu hawakuwa nayo. Matangazo hayo yalirushwa karibu mara 29,000, na faini zilifika dola milioni 9.4. Maneno yale yalisomwa kwa sauti za watu ambao wasikilizaji waliwaamini, na uaminifu huo ndio uliokuwa umenunuliwa.

Kuna na upande wa pili wa bahasha: mchambuzi anayekuta kasoro, anaipigia kampuni na kudai alipwe la sivyo "atairusha". Huko ni kudai pesa kwa vitisho. Ni jinai, na inawachafua wote wanaofanya kazi hii kwa haki.

Hatua ya 5: Pima kama mtu anayejua kifaa kimechaguliwa

Kifaa ulichotumiwa hakikuokotwa rafuni. Inawezekana kabisa kiko sawa na cha dukani, lakini kazi yako ni kuhakikisha.

Anza na programu za kupima kasi. Mwaka 2013 wachambuzi waligundua kwamba Galaxy S4 ya Samsung ilikuwa inatambua baadhi ya programu hizo na kuipandisha simu mwendo ambao programu za kawaida hazikuupata. Kesi iliyofuata Marekani ilimalizika mwaka 2019 kwa makubaliano ya dola milioni 13.4. Septemba 2018 kampuni ya UL, wenye kipimo cha 3DMark, iliziondoa simu za Huawei za P20, P20 Pro, Nova 3 na Honor Play kwenye orodha yake baada ya kuzipima kwa toleo la siri la programu yao, ambalo simu hazikuweza kulitambua kwa jina. Alama zikashuka. Wewe huna toleo la siri, lakini una kazi halisi: toa video ileile ya dakika kumi kwa kila simu, cheza mchezo uleule nusu saa mfululizo, andika fremu (idadi ya picha kwa sekunde) za dakika ya kwanza na za dakika ya mwisho. Simu inayong'ara dakika mbili na kuzimia ya kumi itajulikana tu.

Betri ndiyo inayoulizwa zaidi na wanunuzi wetu, na ndiyo inayopimwa ovyo zaidi. Kipimo kinachofaa ni kuweka mwanga wa kioo sawa kwa simu zote. Maabara nyingi hutumia niti 200 (niti ni kizio cha mwanga wa kioo). Kama huna kifaa cha kupima mwanga, fanya hivi: fungua ukurasa mweupe kwenye simu unayoipima na kwenye simu moja ya zamani unayoiweka siku zote kama rejea, zilaze sambamba kwenye chumba chenye giza, kisha zipige picha kwa kamera iliyofungwa mipangilio yake isijibadilishe yenyewe. Punguza au ongeza mwanga mpaka weupe wa simu zote mbili ulingane pichani. Zima mwanga wa kujirekebisha. Tumia laini ya mtandao uleule, ukikaa sehemu ileile ya nyumba, kwa sababu simu inayotafuta mtandao hula betri. Cheza video ileile iliyohifadhiwa ndani ya simu mpaka izime, na urudie angalau mara tatu. Andika pia joto la chumba. Chumba cha Dar cha nyuzi 31 mwezi Februari si maabara yenye kiyoyozi, na simu inayojilinda dhidi ya joto itafanya kazi tofauti huku. Hilo si kasoro ya kipimo chako. Ni habari ambayo mchambuzi wa Ulaya hawezi kumpa msomaji wako.

Kisha linganisha na kifaa cha dukani. Agosti 2021 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha kwamba diski ya Crucial P2, iliyopewa wachambuzi ikiwa na chipu za aina moja, baadaye ilikuwa inauzwa kwa jina lilelile ikiwa na chipu za bei nafuu na za polepole zaidi. Mwezi huohuo Western Digital ilikiri kubadilisha vipuri ndani ya diski yake ya SN550 bila kubadilisha jina, ikaahidi kwamba mabadiliko ya namna hiyo siku zijazo yatapewa namba mpya ya modeli. Uchambuzi wa mwanzo haukuwa uongo. Ulikuwa tu unahusu bidhaa ambayo haipo tena. Kwa hiyo miezi michache baada ya kuchapisha, pita Kariakoo, Dar, au Luthuli, Nairobi, muombe muuzaji unayefahamiana naye akuazime boksi moja kwa siku moja, au msomaji aliyenunua akupe yake kwa saa chache. Angalia namba kamili ya modeli, toleo la programu, aina ya prosesa (chipu kuu). Galaxy S20, kwa mfano, Marekani iliuzwa na prosesa ya Snapdragon na Ulaya na Exynos: jina moja, simu mbili.

Namba za kampuni ziitwe namba za kampuni. Oktoba 2018 Intel ilitangaza matokeo ya prosesa yake ya Core i9-9900K yaliyopimwa na kampuni ya Principled Technologies kwa malipo ya Intel, wakati wachambuzi huru wakiwa bado wamefungwa na embago. Ilibainika kwamba prosesa ya mshindani, AMD, iliyolinganishwa nayo, Ryzen 7 2700X, ilikuwa imewekwa kwenye hali inayozima nusu ya kori zake nane, yaani sehemu zinazofanya hesabu. Steve Burke wa chaneli ya uchambuzi ya Gamers Nexus alifunga safari hadi ofisini kwa Principled Technologies, Durham, North Carolina, akawauliza ana kwa ana mbele ya kamera. Walimpokea, wakajibu, na wakapima upya. Nampongeza Burke kwa kwenda, na ninaupongeza upande wa pili kwa kufungua mlango, maana wangeweza kukaa kimya.

Hatua ya 6: Ukikuta kasoro, waulize kabla ya kuitangaza

Waandikie ulichokikuta bila kupamba: "Simu imezima mara nne ikiwa na betri asilimia 18 hadi 22. Toleo la programu ni hili. Video ya tukio nimeambatanisha. Je, mmelipata kwa wengine? Je, kuna marekebisho yanayokuja? Nitachapisha Ijumaa." Siku tatu za kazi ni muda wa haki. Usiwatumie maandishi ya uchambuzi wala kuwaambia hukumu yako. Jibu lao liweke ndani ya kazi kwa maneno yao. Wasipojibu, sema hawakujibu. Kama ni jambo la hatari, betri inavimba au chaja inatoa cheche, usisubiri siku tatu.

Wakikupa marekebisho, pima tena, lakini chapisha matokeo yote mawili. Mnunuzi atakayefungua boksi kesho huenda akakuta programu ya zamani.

Uangalifu huu unahitajika zaidi kampuni inapokuwa ndogo. Mwaka 2023 Billet Labs, kampuni changa ya Uingereza, iliwakabidhi Linus Media Group wa Kanada, watengenezaji wa video za teknolojia, mfano wa kwanza wa kifaa chake cha kupozea kompyuta kwa maji. Kilibuniwa kwa kadi ya grafiki ya RTX 3090 Ti, kikapimwa na kadi nyingine, RTX 4090, na kikapewa hukumu mbaya. Kisha, ingawa Billet Labs walikuwa wameomba kirudishwe, kikauzwa kwenye mnada wa hisani. Gamers Nexus walipolianika hilo Agosti mwaka huo, Linus Media Group walisimamisha utengenezaji wa video kwa muda ili kurekebisha taratibu zao. Samsung au Intel hawaanguki kwa video moja. Fundi anayeunda pawabanki za sola kwenye karakana yake Arusha anaweza kuanguka, kwa hiyo kabla hujasema haifai, hakikisha umeitumia alivyoelekeza, na daftari lako la sampuli lijue iko wapi.

Hatua ya 7: Tamka mahali panapoonekana

Maneno machache yanatosha: "Simu hii nimekopeshwa na kampuni na nitairudisha. Sijalipwa, na hawajaiona video hii. Linki zilizo chini hunipa kamisheni ukinunua." Yasemwe kabla ya maoni yako ya kwanza, na yaandikwe kwenye picha, kwa sababu video hukatwa vipande na kusambazwa, na kipande kinachozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hakibebi maelezo ya chini. Sheria nazo zinahusika: Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji katika biashara, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012.

Kuhusu kamisheni, tahadhari moja ambayo haisemwi vya kutosha. Haikusukumi upande wa chapa fulani, kwa kuwa unalipwa popote mtu atakaponunua. Inakusukuma kumwambia kila mtu anunue. Kila uchambuzi uwe na aya inayomjibu mwenye simu ya miaka miwili iliyopita, na kama jibu ni abaki nayo, liandikwe hivyohivyo.

Hatua ya 8: Wakikukata

Kwanza hakikisha kweli umekatwa. Sampuli huwa chache, ofisa amehama, barua imepotea. Uliza mara moja, kwa maandishi. Kampuni haina deni la kukutumia kifaa, na kumchagua mwingine si dhuluma. Dhuluma ni kukufungia au kukufungulia mlango kulingana na unachosema. Hapo, na hapo tu, una sababu ya kuianika barua yao.

Mbinu huwa haina sura moja. Mei 2025, kadi ya grafiki ya Nvidia ya RTX 5060 ilipotoka, wachambuzi huru hawakupewa draiva, yaani programu ya kuiendesha, kabla ya siku ya mauzo, ilhali baadhi ya vyombo vilipewa mapema kwa masharti kuhusu michezo ya kupima na mipangilio yake. Waliokataa masharti walisubiri kadi iingie sokoni ndipo wakapima. Walichelewa, na waliwaeleza watazamaji sababu.

Kuchelewa kunavumilika. Mashirika kama Consumer Reports la Marekani, lililoanzishwa 1936, na Stiftung Warentest la Ujerumani, la 1964, yamejenga jina kwa kununua bidhaa dukani kama mteja mwingine yeyote. Sisi hatuna bajeti yao, lakini wachambuzi watatu wa mji mmoja wanaweza kuchangia simu moja, kila mmoja akaipima kwa zamu, kisha ikauzwa ikiwa imetumika na hasara ikagawanywa. Ndani ya kazi andika: "Hatukupewa kifaa na kampuni. Tumenunua dukani kwa bei hii, tarehe hii." Usiongeze malalamiko, wala usiipunguzie bidhaa alama kwa sababu ofisi ya mawasiliano imekuudhi, kwa kuwa mnunuzi anauliza habari za simu.

Na ofisa mpya akija miezi minane baadaye na salamu nzuri, mtumie linki ileile ya sera, na barua ileile ya hatua ya pili, ukibadilisha jina la kifaa tu.